Mafaili ya Watu Wengi katika Unix

Yafaa tujue jinsi kompyuta inavyolinda kazi ya watu wengi. Katika Unix, mfumo ulioanzishwa Marekani mwaka 1969, kila faili hutazama watu wa namna tatu: mwenyewe, kundi, na wengine. Kusoma huhesabiwa 4, kuandika 2, kuendesha programu 1. Basi 644 maana yake mwenyewe husoma na kuandika, waliobaki husoma tu.

Shida ni hii: mara nyingi faili jipya hupata 644, tena hufuata kundi la aliyeliandika. Mwenyewe akihama, wenzake hawawezi kulisahihisha, na kazi husimama.

Dawa yake ni tatu. Kwanza, saraka, yaani mahali mafaili yanapowekwa pamoja, ipewe kundi la wafanyakazi wote. Pili, ipewe ruhusa 2775. Ile 2 ya mbele hufanya mafaili mapya yafuate kundi la saraka. Tatu, kila mmoja aweke umask 002, ili faili jipya lipate 664, na kundi liweze kuandika.

Wengine hupenda 777 kwa urahisi wake. Lakini hapo yeyote aingiaye katika kompyuta ile aweza kufuta kazi ya wote. Mali ya wengi yataka kanuni moja, ifuatwe na kila mtu.