SIMU MIKONONI MWA WATOTO WETU



Msimu wa karafuu ukiingia, wengi wetu hushinda shamba tangu alfajiri, na usiku tumo katika kuchambua. Simu hubaki nyumbani kwa watoto. Mlango wa nyumba twautia komeo, lakini wa simu twauacha wazi, na mgeni huingia bila ya kupiga hodi.

Msimu uliopita mwenzetu mmoja alitujia afisini akilalamika kuwa fedha zake za karafuu zapungua katika simu. Alimshuku mchumaji. Kumbe ni mwanawe wa miaka 15. Kijana alijuana kwenye intaneti na mtu aliyejiita binti wa skuli. Wakatumiana picha, na ya kijana ilikuwa ya utupu. Ilipofika tu, "binti" akageuka: lete fedha, ama sivyo picha itakwenda kwa jamaa zako wote. Kijana akalipa mara tatu, na kila akilipa akadaiwa zaidi.

Tukamwuliza baba, "Sheikh, angalikwambia siku ya kwanza, ungalifanyaje?" Akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Ningalimpiga."

Jibu hilo ndilo alitegemealo laghai. Hana silaha kubwa kuliko khofu ya mtoto kwa mzazi wake. Kwa hivyo twawaomba mseme na watoto leo, kabla ya kutokea jambo: "Mwanangu, mtu akikutisha, njoo kwangu, hata kama umekosa. Sitakupiga, wala simu sitakunyang'anya." La simu msilidharau. Mtoto akijua kuwa kusema ni kupoteza simu, hasemi. Wala wenye wavulana wasijione wamesalimika. Katika ulaghai huu wa kutaka fedha, wao ndio wanaowindwa zaidi.

Likishatokea, usilipe hata senti moja. Usifute mazungumzo, maana ndiyo ushahidi. Hifadhi maneno ya vitisho, jina na namba, kisha mzuie mtu huyo, uende polisi. Picha yenyewe ya mtoto usimpelekee mtu yeyote, hata kwa nia ya kushtaki. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, itumikayo Bara na hapa Zanzibar, yakataza kusambaza picha za namna hiyo za watoto. Namba 116 ni ya huduma kwa watoto. Kuipiga ni bure, na mtoto mwenyewe aweza kuipiga. Tena kuna huduma ya bure kutoka Marekani, Take It Down, ambayo huifanyia picha alama ya tarakimu ili mitandao iliyojiunga nayo iitambue na kuiondoa. Picha yenyewe haitoki katika simu.

Kuhusu kujikinga, TikTok haimruhusu mtoto aliye chini ya miaka 13, nasi twawaruhusu wa miaka 9! Aliyefikia umri, mwekee WhatsApp yake katika sehemu ya faragha, ili asiingizwe kundini ila na watu anaowajua.

Asiyejua kuifungua sehemu hiyo na aje afisini Jumamosi kabla ya adhuhuri, aje pamoja na mtoto wake. Huenda mtoto ndiye atakayetufundisha sote.