Spana Sita Zinakutosha kwa Kuanzia

Wadogo zangu, leo tuongee hela na chuma. Kila wanaosomea ufundi magari wanapomaliza kozi VETA, na hata nyie mliojifunzia kwa fundi chini ya mwembe, swali huwa ni lile lile: dada, nina akiba kidogo, nianze na vifaa gani? Nikidadisi nagundua muulizaji moyo wake umeshazama kwenye lile boksi lililofunguliwa mbele ya duka pale Gerezani, Dar, vipande mia na ushee, vyote vinang'aa. Naomba ulipite kwanza. Boksi lile ni vyombo vya kabatini: vizuri kutazama, lakini siku ya pilau la watu wengi unakwenda kuazima sufuria kwa jirani.

Kifaa hununuliwa kwa ajili ya kazi inayoingia gereji, kwa hiyo tazama kinachoingia. Kwetu wengi ni Toyota na ndugu zake wa Kijapani, na bolti zao nyingi ni namba 8, 10, 12, 14, 17 na 19. Hizo ndizo spana sita ninazosema: upande mmoja mdomo, upande wa pili ringi. Ongeza soketi za namba hizo hizo na racheti moja nzuri, na soketi ya 21 kwa ajili ya nati za matairi. Namba 10 nunua mbili, maana ndiyo inayotumika kuliko zote na ndiyo ya kwanza kupotea. Wa pikipiki nao wataanzia humo humo. Ukija kupata wateja wa Volkswagen na Mercedes, hapo ndipo utatafuta 13, 16 na 18, pamoja na alen ki na zile soketi za nyota. Mteja atangulie, spana ifuate.

Sasa utajuaje spana nzuri? Maandishi ya "Chrome Vanadium" ubavuni yasikulevye, kwa sababu muhuri hata chuma laini hupigwa. Beba mfukoni bolti mpya ya 10 na nyingine ya 14 unapokwenda dukani. Ivishe spana juu ya bolti, uitikise. Ikicheza sana, irudishe. Angalia ndani ya mdomo: uwe umenyooka, pande zote mbili sambamba. Kwa soketi, chukua za pembe sita badala ya zile za pembe kumi na mbili. Ya pembe sita hushika nati kwenye ubavu wake, na nati zetu zenye kutu hazina uvumilivu. Ikishaisha kona moja, utashinda nayo mpaka Magharibi. Soketi nyeusi nene ndizo za kutumia na mashine ya upepo. Hizi za kung'aa ni za mkono tu, zikipigwa na mashine hupasuka na vipande huruka.

Spana malaya (jina tumelikuta, msinilaumu) iwepo kwa dharura, isiwe ndiyo ya kuanzia kila kazi. Ukilazimika, ibane mpaka isicheze kabisa, halafu uivute kwa namna ambayo mzigo unabebwa na mdomo uliosimama, sio ule unaotembea. Na spana yoyote ile, ivute kuja kwako. Ukiisukuma ikateleza, vidole vyako vinakwenda kugonga chesisi.

Kuna jambo mafundi wazima wanalipita bila kulijua. Skrubu za nyota kwenye pikipiki na magari ya Kijapani ya miaka mingi hazikutengenezwa kwa kipimo cha Phillips cha Kimarekani. Zina kipimo chao, JIS, na nyingi utaziona zina kinukta kidogo kichwani. Bisibisi ya Phillips inaingia, unadhani imekaa, ukitia nguvu inapanda juu na kuikwangua skrubu. Kisha tunalaumu skrubu kuwa laini. Bisibisi moja ya JIS namba 2 itakuokolea skrubu nyingi za kabureta.

Tuje kwenye vifaa vya umeme, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu hapa ndipo watu wanapoungua mifuko na kuumia miili. Umeme wa Tanzania ni volti 230, wa Kenya 240. Japani ni 100, Marekani 120. Kwa hiyo drili ya mtumba kutoka Japani, hata iwe imara vipi, ukiichomeka ukutani hapa unaiua. Muuzaji akikuambia "tumeshabadilisha plagi", mshukuru uondoke. Plagi haibadilishi volti. Soma kile kibandiko ubavuni mwa mashine: volti, wati na mizunguko kwa dakika. Kama kibandiko kimekwanguliwa, hiyo mashine ina jambo. Na kwa zile za betri, usilipie zaidi kwa sababu moja imeandikwa 18 na nyingine 20. Mara nyingi ni betri zile zile tano ndogo ndani. 18 ni volti ya kazini, 20 ni ya dakika ya kwanza betri ikiwa imejaa.

Grenda sasa. Wengi mnayo ile ndogo ya diski ya milimita 115, inayozunguka kama mara 11,000 kwa dakika. Diski kubwa ya milimita 230 ina tundu la katikati la ukubwa ule ule, milimita 22, kwa hiyo mtu anatoa kinga, anaivisha, inakubali, anajiona mjanja. Lakini diski hiyo kubwa imetengenezwa kwa mizunguko isiyozidi takriban 6,650. Ukiizungusha 11,000, ukingo wake unakwenda zaidi ya mita 130 kwa sekunde wakati kikomo chake ni 80. Ikipasuka haichagui pa kuruka, na anayeishika ndiye wa karibu. Mafundi wanaofanya hivi nimewaona na majina yao nayajua. Sitaki la kwako liingie kwenye orodha hiyo.

Diski ya kukatia ni ya kukatia tu. Ubavu wake mwembamba haubebi mzigo wa kusagia. Ile pete ya chuma ya katikati, kwenye diski nzuri, imechapwa herufi V, mwezi na mwaka: ndio mwisho wa matumizi, kwa sababu gundi inayoshikilia diski hudhoofika. Unyevu nao huila, kwa hiyo usizitupe chini karibu na ndoo. Miwani ya kukinga macho nunua kabla ya grenda, sio baada. Na nyie mabinti wenzangu, rasta ndefu na mtandio fungeni nyuma, ziingie ndani ya ovaroli. Kwenye drili ya kusimama vueni glavu kabisa, maana keekee ikikamata uzi wa glavu haiachi kidole.

Mashine ikianza kutoa cheche nyingi nyuma au kukatakata, usikimbilie kusema mota imekufa. Fungua uangalie kaboni. Zikibaki fupi, kama milimita 5 au 6, badilisha zote mbili kwa pamoja. Ni kitu cha bei ndogo, na ukichelewa zitakula kichwa cha mota, ambacho si cha bei ndogo. Na ile ekstensheni nyembamba ya redio uliyoivuta mita 30 mpaka uani inaishibisha mashine nusu tu: volti zinapungua njiani, mota inachemka. Tafuta waya wa milimita 2.5, na uukunjue wote ukiwa kazini.

Utunzaji wa vifaa vya mkono si mkubwa. Kwa sisi wa Dar, Tanga, Zanzibar na Mombasa, adui ni hewa ya chumvi: jioni futa spana kwa kitambaa chenye oili kidogo, basi. Tupa usiipake oili, itateleza. Isugue kwa brashi ya waya na usiirundike na nyenzake, zinasagana meno. Tindo ambayo kichwa chake kimepondeka na kutanuka kingo, isage mpaka irudi kama zamani, maana zile kingo ndizo zinazoruka na kuingia jichoni. Spana ya kupimia nguvu, kama umejaliwa nayo, irudishe kwenye kipimo cha chini kabla ya kuihifadhi na usiifungulie nati hata siku moja.

La mwisho ni kuazimana, maana nusu ya vifaa vinavyokufa mtaani havifi, vinahama. Piga alama yako kwa rangi au kwa kuchonga. Ndugu, jirani, hata fundi mkuu wako: anayeihitaji spana yako aitumie pale pale ulipo, na jioni zihesabu kabla mtu yeyote hajatoka getini.