Kuhama chuo: usipande treni kabla ya barua

Wiki ya tatu baada ya vyuo kufunguliwa, mama mmoja wa Isevya alinipigia simu. “Mwanangu yuko Dar, kodi ya chumba imemshinda. Anasema anapanda treni Ijumaa, aje asome hapa hapa Tabora, chuo cha AMUCTA. Nimpokee?”

Mpokee, mama, ni mwanao. Chuo ndicho hakitampokea kwa kuwa tu kafika na begi.

Enzi za misafara, wapagazi wengi wa kutoka Bagamoyo mkataba wao uliishia Kaze, ndiyo Tabora hii yetu. Walilipwa hapo, mwenye msafara akatafuta wengine wa kwenda Ujiji. Kubadili msafara hapa si jambo geni. Aliyetoroka njiani ndiye aliyekosa ujira uliobaki, na kijana huyu alikuwa anataka kutoroka.

Kwa wa shahada, Tume ya Vyuo Vikuu (TCU), iliyo chini ya Sheria ya Vyuo Vikuu, Sura ya 346, hutangaza muda wa uhamisho, na kwa wa mwaka wa kwanza dirisha hilo ni fupi. Unaomba kupitia chuo unachotaka kwenda. Kiwe na nafasi kwenye kozi hiyo, na ufaulu wako ufikie sifa zake. Wa cheti na diploma vyuo vya kati, msimamizi wenu ni Baraza la Taifa la Elimu ya Ufundi na Mafunzo ya Ufundi Stadi (NACTVET). Haki yako ni kuomba na kupimwa kwa vigezo vilivyotangazwa; nafasi yenyewe huwezi kuidai kama haki. Ukikataliwa, omba sababu kwa maandishi. Jibu la mdomo halina pa kukatia rufaa.

Wengi huumia kwenye bumu, yaani fedha ya mkopo ya kujikimu. Mkopo hauhami kwa miguu yako. Bodi ya Mikopo inakutambua kwa chuo ulichosajiliwa. Jina likibaki Dar, Tabora utasaini wapi? Uhamisho ukikubaliwa, nenda kwa afisa mikopo wa chuo unachotoka na wa unachokwenda, wote wawili, na nakala ya barua mkononi.

Ada iliyotoka mfukoni ina hesabu yake. Fungua maelekezo ya kujiunga, yale makaratasi ambayo watu husoma orodha ya shuka na ndoo wakaishia hapo. Kifungu cha marejesho ya ada ndicho kitakachokubana au kukuokoa. Risiti zote tunza, na vyeti halisi usimwachie mtu; toa nakala.

Ukikwama na wakili humwezi, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria, na huduma yao ni bure. Kumwandikia mkuu wa chuo barua ya ukurasa mmoja wanakusaidia.

Kijana alikuwa keshakata tiketi. Mama kamwambia airudishe, Jumatatu asubuhi awe ofisi ya udahili ya chuo chake.