Huliwa, Hulika au Hulana? Mmenyuko wa Elektrodi za Metali na Perovskaiti Chini ya Volteji

1.0 Utangulizi

Dai kwamba Kiswahili hakiwezi kubeba sayansi ya kisasa hurudiwa hata na baadhi ya wasomi wa lugha hii, na ushahidi wao mkuu huwa ni uhaba wa istilahi. Makala haya yanalipima dai hilo kwa mfano mmoja mgumu: mmenyuko wa kikemia baina ya elektrodi za metali na perovskaiti pindi volteji inapowekwa. Hoja inayotetewa ni kwamba nomino ngeni zaweza kukopwa bila aibu. Kinachoamua iwapo mada imeeleweka ni kitenzi, na kwa vitenzi Kiswahili si maskini.

2.0 Perovskaiti ni nini?

Perovskaiti asilia ni madini ya milima ya Ural nchini Urusi. Yalielezwa na Gustav Rose mwaka wa 1839, yakapewa jina la Lev Perovski. Leo jina hilo hujumuisha maada nyingi zenye mpangilio kama huo wa fuwele. Inayohusika hapa huundwa kwa risasi, iodini na ioni ya kikaboni iitwayo methilamoniamu. Ni nusukipitishi, yaani haipitishi umeme kwa wepesi kama shaba wala haiuzuii kabisa kama kioo. Mwaka wa 2009, Tsutomu Miyasaka na wenzake nchini Japani waliripoti seli ya jua ya maada hii iliyogeuza asilimia 3.8 ya nishati ya mwanga kuwa umeme. Tangu hapo, seli za maabara zimevuka asilimia 25. Tatizo limebaki kuwa umri: paneli za silikoni hudumu miongo, ilhali hizi huchakaa mapema.

3.0 Kinachotokea mpakani

Elektrodi hudhaniwa kuwa mlango tu wa kupitishia elektroni. Katika perovskaiti, sivyo. Ioni za iodidi, zenye chaji hasi, hazikushikwa imara. Huhama kutoka pengo moja la fuwele hadi jingine. Tabaka lenyewe ni jembamba mno. Likiwa na unene wa nusu ya elfu moja ya milimita, volti 1 tu ni sawa na volti 2,000 kwa kila milimita. Kwa msukumo huo, iodidi huelekea elektrodi chanya.

Elektrodi hiyo ikiwa ya fedha, atomu zake hupoteza elektroni na kuungana na iodidi kuwa chumvi ya manjano isiyopitisha umeme vyema. Katika myeyusho wa maji, fedha huachilia elektroni kwenye takriban volti 0.80 ikilinganishwa na elektrodi ya hidrojeni. Penye iodidi, kiwango hicho hushuka hadi takriban volti -0.15. Kwa hiyo metali iliyo imara ikiwa peke yake hulegea mbele ya mwenzi huyu. Metali isipokubali kuachilia elektroni, iodidi yenyewe huzipoteza na kuwa iodini, ambayo hupenya na kutoroka. Upande wa hasi, ioni za risasi hupokea elektroni na kuwa risasi ya metali. Aluminiamu haingoji hata volteji. Yaweza kuipa risasi elektroni kwa kugusana nayo tu.

4.0 Kauli tatu za kitenzi

Mwalimu anaweza kushawishika kuuita uharibifu huu kutu. Neno hilo lingepotosha. Kutu huhitaji oksijeni na maji, hivyo mwanafunzi atadhani kwamba kuifunika seli kwa kioo kunatosha. Mmenyuko huu huendelea hata pasipo hewa. Kikulacho ki nguoni mwako.

Kitenzi "la" hufafanua zaidi. "Metali huliwa" ni kauli ya kutendwa, nayo humtafuta mtendaji, yaani iodidi. "Metali hulika" ni kauli ya kutendeka. Hutaja sifa ya metali yenyewe, kwa kuwa fedha hulika upesi kuliko kaboni, ambayo si metali. "Metali na perovskaiti hulana" ni kauli ya kutendana, na ndiyo kamili zaidi: elektrodi hugeuka chumvi, na fuwele iliyopoteza iodidi nayo huporomoka.

Tiba nazo hufuata kauli hizo. Kwa kinacholiwa, mtendaji huzuiwa kwa tabaka la oksidi ya bati. Kwa kinacholika, elektrodi hubadilishwa, kaboni ikachukua nafasi ya metali. Kwa vinavyolana, pande zote mbili hutazamwa pamoja: fuwele huimarishwa ili ioni zisihame, na mpaka hulindwa.

5.0 Hitimisho

Ioni, elektroni na volteji ni maneno ya kukopwa, na kukopa huko hakukuzuia maelezo. Viambishi vitatu vya Kiswahili, -w-, -ik- na -an-, vimetenganisha dhana tatu ambazo mwanafunzi wa kemia hana budi kuzitenganisha. Wanaounda istilahi kwa hiyo wasiishie kwenye orodha za nomino. Wakae na wanasayansi na kuuliza kwanza: hapa nani anatenda, nani anatendwa, na nani wanatendana?