Amana Isiyofika Kilo Mbili

Shangazi, mimi ni mzaliwa wa Lamu, mke wa mfanyabiashara wa viungo, nakaa Al Ras, Dubai, juu ya ghala letu. Nilikuwa nikimhudumia bibi mmoja mzee, mgeni katika nchi hii kama mimi, na alipozidiwa na maradhi akarejeshwa kwao, alinikabidhi mbwa wake, Chihuahua asiyefika kilo mbili. Nilimpokea pasipo kumwuliza mume wangu. Sasa mume asema nyumba imeingia najisi, nikamwachie usiku kando ya hori, Mungu atamruzuku. Binti yetu wa miaka sita amempenda mno, kutwa kumbeba. Na juzi mbwa alianguka ghafla akitetemeka, nikadhani amekufa. Nifanyeje?
— Mwenye Dhima, Al Ras

Mwanangu, naanza na lile lisilongoja, nalo ni kule kuanguka. Kiumbe wa kimo hicho hana akiba mwilini. Zikimpitia saa nyingi bila ya chakula, sukari ya damu hushuka, akayumba, akatetemeka, na pengine akazimia, hata amwonaye akadhani roho imemtoka. Mgawie chakula chake mara tatu au nne kwa siku, kidogo kidogo. Na likimrudia, mpake asali kwa ncha ya kidole kwenye ufizi, usimmiminie kinywani asije akapaliwa, kisha mfikishe kwa tabibu wa wanyama siku hiyo hiyo. Hata kama halikumrudia, mpeleke wiki hii, kwa kuwa yako maradhi ya moyo, ya ini na kifafa yajayo kwa sura iyo hiyo, na asali haiyaponyi.

Tena mpapase kichwa kwa upole. Chihuahua wengi huishi maisha yao yote na utosi usiofunga, na mifupa ya miguu yao ni myembamba hata kuruka kutoka kitandani kwaweza kuivunja, sembuse kuponyoka mikononi mwa mtoto aliyesimama. Simnyimi binti yako mapenzi yake. Mwekee sharti moja tu, kwamba mbwa hapakatwi ila yeye mwenyewe awe ameketi chini, juu ya mkeka, na mbwa akilala haamshwi. Mtoto wa miaka sita aweza kulishika sharti hilo, maadamu mama yake halilegezi.

Ghala lenu nalo lanitia hofu. Zabibu, kwa mbwa yeyote, ni sumu iharibuyo figo. Vitunguu maji na vitunguu saumu huharibu damu, na chokoleti hushambulia moyo. Na kiasi ambacho mbwa mkubwa angekistahimili, huyu wako chaweza kumwua. Kwa hiyo ngazi ya kushukia ghalani itiwe kizuizi, na wageni wakanywe wasimtupie tende na halua kwa kumwonea huruma.

Joto la Dubai mwalijua. Ikiwa serikali yawazuia wafanyakazi wasifanye kazi juani tangu saa sita na nusu mchana hata saa tisa, kuanzia 15 Juni mpaka 15 Septemba, basi mnyama ambaye tumbo lake liko shubiri moja tu juu ya lami asitoke ila baada ya alfajiri au usiku ardhi ikishapoa. Ndani nako asilazwe mbele ya kiyoyozi, kwani mwili mdogo hupoa upesi. Na anapotoka afungwe mkanda wa kifuani, wala si wa shingoni, maana koo la pumzi la mbwa hawa ni dhaifu na huweza kubonyea. Kumfunga si hiari: sheria ya shirikisho namba 22 ya 2016 yataka kila mbwa awe na leseni na kamba awapo nje.

Ama suala la najisi, mumeo hakulizua. Sisi watu wa pwani aghalabu tu wafuasi wa Imam Shafii, na katika madhehebu yake mate na unyevu wa mbwa huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Bali kikavu kikigusana na kikavu, najisi haihamii, ilhali kwa Imam Malik mbwa yu tohara. Ama kumweka nyumbani pasipo haja ya mawindo, mifugo au ulinzi, hilo mkamwulize sheikh wenu, pamoja, wala si kila mtu kwa wakati wake. Mpaka hapo chumba cha kusalia kifungwe, na vyombo vya mbwa vitengwe. Lakini dini hiyo hiyo yatusimulia habari ya mwenye dhambi aliyesamehewa kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu. Kumtupa kando ya hori kiumbe asiyeweza kujitafutia tonge ni kumwua polepole, tena ni kosa katika sheria ya nchi.

Na sasa nikuseme wewe. Mumeo hakuudhiwa na mbwa peke yake. Amekuta neno kubwa limekwisha amuliwa nyumbani mwake bila ya yeye kushauriwa. Mtake radhi kwa hilo, kabla ya kumtaja mbwa, kisha umweleze uliyoahidi na kwa nani. Akiridhia, ridhaa yake iwe kamili, na ikiwa mmepanga, mwenye nyumba naye aulizwe, kwani mbwa hawa huweza kuishi miaka kumi na minne na zaidi. Asiporidhia, usimfiche darini wala usimlee kwa kuibia: mwombe muhula, umtafutie mtu mzima mtulivu asiye na watoto wadogo, amwone na kumshika kwanza, na usimkabidhi mpaka cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa na usajili wa Manispaa ya Dubai vimehamishwa kwa jina la huyo mtu, nawe umempigia simu bibi yule kumjulisha alipo mbwa wake.