Zamu ya Kununuliana Pombe

Msomaji, huenda wewe si mlevi. Hulali njiani wala hugombani na mtu. Jioni, ukishapeleka maziwa, unakaa kilabuni na marafiki, na kila mmoja hununua kwa zamu yake. Sasa hesabu. Mkiwa watu wanne, zamu ikiisha kila mtu amekunywa chupa nne, hata yule aliyetaka moja tu!

Chupa ya bia ya nusu lita huchukua saa mbili hivi kuondolewa na ini. Basi aliyeanza saa moja jioni, ini lake laweza kuwa kazini mpaka saa tisa usiku. Wala kahawa wala maji baridi hayaharakishi kazi hiyo.

Desturi hii ikiendelea miaka mingi, ini huingia mafuta, kisha makovu, na kwa kawaida haliumi mpaka limekwisha kuharibika. Shinikizo la damu hupanda. Pombe pia huleta saratani ya kinywa, ya umio na ya matiti. Avutaye sigara pamoja na kunywa yumo hatarini zaidi. Mnamo Januari 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba hakuna kiasi cha pombe kisicho na hatari kwa afya.

Waambie wenzako kila mtu ajinunulie chake, nawe agiza chai. Lakini ikiwa mikono hutetemeka asubuhi usipokunywa, usiache ghafula, kwani waweza kushikwa na kifafa. Nenda kwanza ukamwone daktari.