Kabla Hujakitoa Kisogo Chako: Mambo ya Kufanya na Kutofanya

Kupandikiza nywele ni upasuaji. Daktari hana nywele mpya za kukupa. Anang'oa zako za kisogoni na kuzipanda mbele au utosini. Wewe unayetaka kulipa amana wiki hii, soma kwanza.

Usianze kwa daktari wa upasuaji, anza kwa daktari wa ngozi. Upara wa kurithi una njia yake inayojulikana: huingilia kwenye panja au utosini, ukaacha nywele za kando na za kisogoni. Nywele zikinyonyoka kwa mabaka, au ngozi ikiwasha na kutoa usaha, tafuta sababu nyingine: mapunye, kaswende, hitilafu ya tezi ya shingo. Kupanda nywele juu ya maradhi ni kutupa fedha. Moshi, pale hospitali ya KCMC, kuna kituo kinachofundisha wataalamu wa ngozi tangu 1992, na wahitimu wake wako nchi nyingi za Afrika. Watafute.

Usipandikize ukiwa na miaka 20 na kitu. Hapa nasisitiza, maana hapa ndipo vijana wanapoharibikiwa. Mpwa wangu alinijia akiwa na miaka 22, simu mkononi, anaonyesha picha ya mchezaji mpira: anataka nywele zishuke kwenye paji kama za yule. Nilimsimamisha dirishani nikamwinamisha kichwa. Utosini nywele zilikwisha kuwa laini kama za mtoto mchanga, ngozi inang'aa chini yake, na mwenyewe hakuwa na habari. Upara wake ulikuwa bado safarini. Shina la kisogoni hubaki na tabia ya kisogoni popote litakapopandwa. Daktari Norman Orentreich wa New York aliyaandika hayo mwaka 1959, na kazi yote ya upandikizaji inayofanywa leo imesimama hapo. Sasa fikiri: unapanda mstari ukiwa na miaka 22, mstari unabaki, nywele za asili zilizo nyuma yake zinaendelea kuondoka. Ukifika 40 una kisiwa cha nywele juu ya paji na uwanja mtupu nyuma yake. Wayne Rooney alipandikiza mwaka 2011 akiwa na miaka 25. Mwaka 2013 alirudi tena. Yeye alikuwa na fedha za kurudi.

Hesabu kitalu chako. Kisogo cha wanaume wengi hutoa mashina kama 6,000 hivi kwa maisha yote, kila shina likiwa na unywele 1 hadi 4. Upasuaji mmoja mkubwa hula 2,000 au 3,000. Palipong'olewa hapaoti tena. Daktari asiyekwambia utabakiwa na mangapi, muage.

Jaribu dawa kwanza, mwaka mzima. Minoksidili ya kupaka iliidhinishwa Marekani mwaka 1988, na finasteridi ya kumeza, miligramu 1 kwa siku, mwaka 1997. Kwa baadhi ya wanaume finasteridi hupunguza hamu ya tendo la ndoa. Muulize daktari waziwazi, usione haya. Mke mjamzito asiguse vidonge vilivyovunjika. Na usidhani ukishapandikiza umeachana na dawa: zile nywele zako ambazo hazikuhamishwa bado zinahitaji kulindwa.

Usinunue mafuta ya kuotesha nywele yasiyo na maelezo ya kilichomo.

Papasa makovu yako. Sikio lililotobolewa, chanjo ya mkononi, jeraha la utotoni: kovu likivimba likapita mipaka ya kidonda, simama hapo hapo, maana kichwani utachomwa matundu kwa maelfu. Papasa na kisogo. Vile vipele vya kunyolewa vilivyogeuka vinundu vigumu maana yake kitalu chenyewe ni kigonjwa.

Muulize daktari ameshapandikiza vichwa vingapi vya watu wenye nywele za kipilipili. Nywele zetu hujikunja hata chini ya ngozi, shina limepinda kama ndoana. Kifaa cha kung'olea ni mrija wa chuma wenye upana wa karibu milimita 1. Asiyejua anauzamisha wima, anakata shina katikati, na hilo limekufa: kisogoni halipo tena, mbele halitaota. Dai picha za wagonjwa wake wa Kiafrika, na dai picha za visogo vyao vikiwa vimenyolewa. Ukikatwa ukanda wa ngozi, utabaki na mstari wa kovu toka sikio hadi sikio. Ukichimbuliwa shina mojamoja, utabaki na vidoa vyeupe. Kama unapenda kunyoa chini kabisa, vyote viwili vitaonekana.

Usikate tiketi ya Istanbul kwa sababu bei ya upasuaji kule ina hoteli ndani yake. Uliza, na ujibiwe kwa maandishi: nani atashika kifaa? Kuna kliniki ambako daktari huchora mstari tu kwa kalamu kisha anaondoka, na wasaidizi ndio wanaokata. Usikope fedha za upasuaji. Usimfiche daktari kisukari wala shinikizo la damu.

Usihukumu kazi mapema. Nywele zilizopandwa hupukutika baada ya wiki chache, na hilo ni la kawaida. Huanza kuchipua mwezi wa 3 au wa 4, na matokeo hupimwa baada ya miezi 12.

Mwisho, nyoa kichwa chote, ukae nacho hivyo miezi 3 kabla ya kuamua. Ni bei ya kinyozi tu, na nywele zinaota tena.

Mpwa wangu sasa ana miaka 27. Anapaka dawa, ananyolewa kila Jumamosi, na kisogo chake bado ni kizima.